Geralt, CD feki za Warsaw na sheria ya 1994

Wadau, mitihani imeisha Alhamisi. Nilijiahidi kwamba wiki nzima sitafungua kitu chochote kinachohitaji kufikiri, na ahadi yenyewe imedumu siku moja na nusu. Kisa ni gemu.

Ijumaa usiku nilikuwa nacheza The Witcher 3, mara ya ngapi sijui. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu akashuka kunywa maji, akasimama nyuma yangu kuangalia. Akauliza: "Hivi ni kweli aliyetunga hii stori aliiuza bei ya kutupa?" Nikamwambia ni kweli. Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mzee mjinga huyo." Jamaa wa kitanda cha dirishani, ambaye anasoma sheria, akafunua shuka usoni akasema mzee hakuwa mjinga, kisheria bado alikuwa na haki yake. Basi, usingizi ukaishia hapo. Tulibishana mpaka saa nane, mwisho wakanigeukia: wewe si ndiye mwanahistoria humu ndani, hebu tuambie ilikuwaje. Nikasema nipeni siku mbili.

Siku mbili zimeisha, na haya ndiyo niliyowaletea.

Tuanze Poland, mwaka 1986. Nchi bado iko chini ya chama cha kikomunisti. Kuna jarida linaitwa Fantastyka, limeanza 1982, kazi yake kuchapisha hadithi za sayansi na za maajabu. Likatangaza shindano la hadithi fupi, mwisho kurasa 30. Mmoja wa walioshiriki ni Andrzej Sapkowski, mzaliwa wa mji wa Łódź, 1948. Huyu bwana hakuwa mwandishi wa kazi. Alisomea uchumi chuo kikuu cha huko huko Łódź, akaajiriwa kwenye biashara ya nje. Mtu wa mikataba na bei. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Hadithi aliyopeleka iliitwa Wiedźmin. Ikashika nafasi ya tatu, ikachapishwa Desemba 1986. Neno lenyewe alilibuni: kwao mchawi wa kike ni wiedźma, yeye akamtengenezea mwanamume wake. Mchezo huo wa maneno kwetu unakufa palepale, maana Kiswahili mchawi ni mchawi tu, awe baba awe mama. Ningeambiwa nitafsiri leo ningekwama kwenye jina. Mchawi si yeye, mganga si yeye. Ni mtu aliyegeuzwa kwa dawa tangu utotoni ili afanye kazi moja, kuua mazimwi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mfalme Foltest kazaa na dada yake. Mama na mtoto wamekufa, wamezikwa. Miaka inapita, kisha binti anaanza kutoka kaburini usiku akiwa zimwi linalokula watu. Mfalme anatangaza zawadi ya oren 3000 kwa atakayemwondolea binti laana, na hataki auawe. Anakuja Geralt. Anatakiwa alale palepale kaburini, amzuie binti asirudi ndani ya jeneza mpaka jogoo awike mara ya tatu.

Mfupa wa kisa hiki ni ngano ya kale ya Kipolandi. Alichobadilisha Sapkowski ni anayekuja. Kwenye ngano za kule, kama zilivyo nyingi za kwetu, zimwi huangushwa na maskini mwenye akili. Ile ya Krakow ni mshona viatu aliyemlisha joka kondoo aliyejazwa kiberiti, joka likanywa maji ya mto mpaka likapasuka. Sapkowski hakumwamini mshona viatu. Mshona viatu anashona viatu. Mazimwi yakiwepo, patakuwa na watu wanaoyaua kwa malipo, wenye vifaa, ujuzi na bei. Geralt ni fundi, anafanana na yule anayekuja kufungua mtaro wa choo ulioziba: kila mtu anamhitaji na hakuna anayetaka akae mezani.

Na kama fundi yeyote, anapatana kabla hajachomoa upanga. Katika hadithi ile ya kwanza kabisa mazungumzo ya fedha yana nafasi kubwa kuliko kupigana, na anatokea mkubwa mmoja anayetaka kumlipa ili aondoke zake bila kufanya kazi. Walioicheza The Witcher 3 wanaijua sehemu hii. Unachukua tangazo kwenye ubao wa kijiji, unamfuata mwenye shida, unasogeza bei juu, na pembeni kuna mstari unaoonyesha hasira yake inavyopanda. Ukizidisha anakuvunjia mazungumzo. Mimi kila nikikuta kijiji maskini napunguza, halafu nalala njaa kwenye gemu kama ninavyolala njaa bumu likichelewa.

Sasa tuhamie Warsaw. Miaka ile ile ya mwisho wa ukomunisti na mwanzo wa biashara huria, kulikuwa na soko la kompyuta Mtaa wa Grzybowska. Watu walikwenda mwisho wa wiki na kaseti, na flopi, baadaye CD. Kilichouzwa pale kwa wingi kilikuwa kopi. Gemu za Uingereza na Marekani zilizovunjwa kufuli, zikanakiliwa, zikapangwa mezani. Hakuna aliyejificha, kwa sababu sheria ya hakimiliki iliyokuwepo ilikuwa ya zamani na haikuzijua programu za kompyuta. Kati ya vijana waliouza pale walikuwemo Marcin Iwiński na Michał Kiciński, waliokutana sekondari. Hawa ndio waanzilishi wa CD Projekt, kampuni iliyokuja kutengeneza The Witcher. Wenyewe hawalifichi, Iwiński amelisimulia kwenye mahojiano.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 4 Februari 1994 Poland ilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, ikaanza kutumika Mei, na safari hii programu za kompyuta zimo ndani. Mei hiyo hiyo jamaa wakaanzisha CD Projekt, mtaji dola 2000, ofisi ni chumba katika nyumba ya rafiki. Waliona mbali kuliko wenzao wa Grzybowska, au niseme waliwahi. Wakaanza kuagiza gemu halali kutoka nje.

Tatizo lao wanalijua wote waliowahi kuuza kitu halisi mlangoni mwa duka la feki. Kwa nini mtu anunue yako? Jibu lao nalipenda sana. Mwaka 1999 walichukua Baldur's Gate, gemu kubwa ya CD tano iliyojaa maandishi, wakaitafsiri yote kwa Kipolandi. Wakawaita waigizaji wanaojulikana nchini kusema sauti. Ndani ya boksi wakaweka ramani, kitabu cha kanuni za Dungeons & Dragons na CD ya muziki. Mwizi wa pale sokoni angeweza kunakili gemu, lakini ramani na kitabu angevitoa wapi? Siku ya kwanza zilitoka nakala 18,000, idadi ambayo soko la Poland halikuizoea.

Na kutafsiri ndiko kulikowapa wazo la kutengeneza ya kwao. Walipewa kazi ya kuhamishia Baldur's Gate: Dark Alliance kwenye kompyuta, mwenye gemu akaishiwa fedha, kazi ikafa. Wakabaki na ujuzi kidogo na hamu kubwa. Wakajiuliza ni stori gani ya kwao kila Mpolandi anaijua. Kufikia hapo hadithi fupi za Geralt zilikuwa zimeshakuwa vitabu, na kati ya 1994 na 1999 Sapkowski alitoa riwaya tano za mfululizo kuhusu Geralt na binti yake wa kulea, Ciri.

Wakaenda kwa mzee.

Hapa ndipo mshikaji wangu wa kitanda cha juu anapoanza kucheka, kwa hiyo naomba tujiweke kwenye kiti cha mzee. Ni miaka ya mwanzoni mwa karne hii. Anakuja kijana wa kampuni ambayo haijawahi kutengeneza gemu hata moja. Anasema tupe haki, tukuahidi asilimia ya faida. Mzee alishawahi kuona jambo kama hilo. Miaka ya 1990 kampuni nyingine ya Kipolandi, Metropolis, ilianza kutengeneza gemu ya Geralt, ikaandikwa magazetini, haikutoka. Mwaka 2001 ikatoka filamu ya Wiedźmin, wapenzi wa vitabu wakaizomea. Asilimia ya kitu kisichotoka ni sufuri, na mtu aliyesoma uchumi hahitaji kikokotoo kujua hivyo.

Kuna jingine ambalo ni dhana yangu tu, sijalisoma popote. Mtu huyu aliishi miaka ambayo zloty ilipoteza thamani mpaka mwaka 1995 serikali ikafuta sufuri nne kwenye fedha yake. Ukishapitia hayo, fedha ya leo mkononi na fedha ya ahadi huzioni kuwa kitu kimoja. Sapkowski akasema hataki asilimia, nipeni changu chote sasa hivi. Wakampa. Amefanya kama Geralt angefanya.

Gemu ya kwanza ilitoka Oktoba 2007, baada ya miaka kama mitano ya mateso. Jaribio lao la kwanza walizunguka nalo Ulaya, wachapishaji wakawajibu kwa adabu kwamba hapana. Kampuni ya Kanada, BioWare, ndiyo iliyowaokoa, ikawapa injini yake ya kutengenezea gemu na mwaka 2004 ikawaachia kona ya banda lake kwenye maonyesho ya E3 kule Marekani.

Nimeicheza hiyo ya kwanza. Nitasema ukweli, inachosha. Sura ya pili unakimbia matopeni kwenda na kurudi mpaka unajiuliza kama wewe ni muuaji wa mazimwi au tarishi. Zile kadi za wanawake unazokusanya kila Geralt akilala na mtu ni aibu, nilikuwa nafunika skrini mtu akipita. Lakini sura ya kwanza, pale kijiji kizima kinataka kumchoma mganga wa kike, na wewe umeshagundua kwamba kila anayepiga kelele ana dhambi yake iliyolileta lile zimwi, pale nilimwona Sapkowski. Filamu inayofungua gemu hiyo ni ile ile hadithi ya 1986, binti na jeneza na jogoo.

The Witcher 2 ilitoka 2011, na mwezi huo huo waziri mkuu Donald Tusk akamzawadia Obama nakala alipotembelea Warsaw. Fikirieni safari hiyo, kutoka meza ya kopi Grzybowska mpaka zawadi ya taifa.

Ila mwaka huo huo kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa habari hii wanalipita haraka. Kampuni ilikuwa inajisifu kwamba haiwekei gemu kufuli, kwa sababu kufuli linamwadhibu aliyelipa. Ni kweli, kupitia GOG, duka walilolifungua 2008, gemu zao zinauzwa bila kufuli hadi leo. Lakini mwishoni mwa 2011 watu wa Ujerumani walianza kupokea barua za mawakili zikiwatuhumu kuiba The Witcher 2 na kuwataka walipe. Wapo waliosema hawajawahi hata kuigusa. Kelele zikawa kubwa, na Januari 2012 kampuni ikatangaza imeacha. Mimi nikisoma hayo nilikuwa nawaona wale vijana wawili wa sokoni. Wao walipokuwa na umri wangu hakuna aliyewatumia barua.

Mwaka 2015, Mei 19, ndipo ikaja The Witcher 3, na hapa sina cha kubishana na mtu. Kama hujawahi kuicheza, nenda Velen, mtafute mzee wanayemwita Baroni wa Damu. Mke na binti yake wametoweka, anataka uwatafute. Unaanza kuchunguza nyumba na kidogo kidogo unatambua kwamba hawakutekwa, walikimbia. Mlevi, anapiga. Mimba imeharibika, mtoto kazikwa bila jina, amegeuka zimwi dogo linalonyemelea wajawazito. Unaweza kuliua. Au unaweza kumlazimisha huyo baba alibebe mikononi usiku kucha, alipe jina, amzike mwanawe kizingitini kama mtu. Nilichagua la pili. Mzee analia kwa sauti na wewe unatembea pembeni na upanga, hujui kama unamhurumia au unamchukia. Kuna wenzangu wanasema gemu ni mchezo wa watoto, nao sijawahi kuwapeleka Velen.

Kufikia 2023 kampuni ilitangaza kwamba gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 50. Mzee alikuwa ameshalipwa chake zamani. Mwaka 2017 alipohojiwa na Eurogamer alikiri mwenyewe kwamba alikuwa mpumbavu kuwaachia kila kitu, na kwamba sababu ni moja tu, hakuamini kwamba watafika. Mshikaji wa kitanda cha juu aliposikia hapo akaruka: "Si unaona! Kasema mwenyewe!"

Jamaa wa sheria akamwambia tulia, kaka. Kwa sababu Oktoba 2018 mawakili wa Sapkowski waliiandikia kampuni barua wakidai angalau zloty milioni 60, kama dola milioni 16 za wakati huo. Walisimama juu ya kifungu cha 44. Kifungu hicho kinasema kwa ufupi kwamba ikiwa malipo ya mtunzi hayalingani kabisa na faida aliyoipata aliyenunua haki zake, mtunzi anaweza kwenda mahakamani kuomba aongezewe. Kifungu cha 44 cha sheria gani? Sheria ya hakimiliki ya tarehe 4 Februari 1994.

Nilipofika hapo nilisimama kabisa kusoma, nikaenda kunawa uso. Sheria ile ile iliyowatoa jamaa kwenye meza ya kopi, iliyofanya gemu halali ziwe biashara na CD Projekt iwe kampuni, ndani yake ilikuwa imebeba kifungu kinachomlinda mtunzi aliyeuza rahisi. Iliwalinda wao dhidi ya wezi wa sokoni kwa miaka zaidi ya ishirini, kisha ikageuka ikawatazama wao.

Kampuni ilijibu hadharani kwamba madai hayana msingi, haki ilinunuliwa kihalali, ila inapenda kubaki na uhusiano mwema na watunzi. Lugha ya mawakili. Halafu Desemba 20, 2019, siku ile ile Netflix walipoanza kuonyesha tamthilia ya Geralt, wakatangaza mkataba mpya na Sapkowski. Kiasi hakikutajwa. Kesi haikufika mahakamani.

Kwa hiyo nani alishinda ubishi wa chumbani? Nimempa nusu kila mmoja na wote wamekasirika. Alipouza, mzee alipiga hesabu sahihi kwa alichokijua siku hiyo. Kosa lake naliona penginepo: aliidharau kazi yenyewe. Aliamini gemu haiwezi kubeba stori, na sidhani kama amebadili mawazo. Mtu aliyemwandika fundi anayedharauliwa na kila anayemlipa, alipokuja fundi mwingine mlangoni kwake hakumtazama mara mbili. Na upande wa pili, kampuni ilijua anachodai si sadaka. Walioanza kwa kunakili kazi za watu wanajua vizuri kuliko wote kazi ya mtu ina thamani gani.

Mzee bado anaandika. Novemba 2024 alitoa riwaya mpya, Rozdroże kruków, na 2025 ikaja kwa Kiingereza kama Crossroads of Ravens. Geralt humo ana miaka 18, ndio kwanza ametoka ngomeni alikofundishwa, hajui bei ya kitu chochote, anaingia matatani mapema tu, mpaka mzee wa kazi hiyo, Preston Holt, anamchukua chini ya mkono wake. Nimeisoma kwa siku mbili. Haina uzito wa hadithi fupi za mwanzo, mazungumzo mengine yanazunguka, lakini kumwona Geralt akikosea kulinifurahisha. Desemba hiyo hiyo ya 2024 kampuni nayo ikaonyesha picha za kwanza za The Witcher 4, safari hii anayebeba upanga ni Ciri.

Nilipomaliza kuwasomea haya yote, jamaa wa sheria alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Kitabu ulinunua?" Nikasema ndiyo, kwa bumu, nikala maandazi matupu siku mbili, msiwaambie nyumbani. "Na gemu?"

Gemu nilinakiliwa mwaka wa kwanza, kutoka kwenye diski ya jamaa wa hosteli nyingine ambaye naye alinakiliwa. Saa zaidi ya mia mbili nimecheza. Baroni nimemlilia mara tatu.

Jana usiku nilifungua GOG, nikakuta wameishusha bei, kama wanavyofanya mara kwa mara. Kwenye kadi ya simu nilipungukiwa elfu kumi na kidogo. Nikamwamsha mshikaji wa kitanda cha juu nimkope. Akaniuliza kama nataka nimlipe yote mwisho wa mwezi au nimpe asilimia.